Samadi ya Punda na Farasi: Kuivisha Mboji Nyumbani

Katika mikoa ya Dodoma, Singida, Manyara na Arusha, punda bado ni mchukuzi anayetegemewa. Hubeba maji, kuni na nafaka, na popote afugwapo huacha samadi ambayo mara nyingi hufagiliwa na kutupwa. Farasi ni wachache kwetu, kwa kuwa ndorobo na maradhi mengine huwadhuru upesi. Lakini wanyama hawa wawili ni wa jamii moja, na yasemwayo hapa juu ya samadi ya mmoja yanahusu pia ya mwenziwe.

Miaka michache iliyopita mimi mwenyewe nilifanya kosa ambalo mtu wa fani yangu hakupaswa kulifanya. Nilipewa magunia manne ya samadi mbichi kutoka katika zizi la punda lililotandikwa maranda ya mbao, nikaichanganya siku ile ile na udongo wa tuta la mchicha nyumbani kwangu. Baada ya wiki tatu miche ilikuwa imedumaa na majani yake kuwa ya manjano, ilhali magugu ambayo sikuwahi kuyaona katika bustani ile yalistawi. Jirani yangu, mama aliyezoea kilimo, aliniuliza: "Mwalimu, samadi hiyo ilikuwa imeiva?" Makala haya yanakusudia kueleza maana ya swali hilo.

Tofauti ya punda na ng'ombe

Ng'ombe hucheua. Chakula chake huchachushwa na vijidudu tumboni na kutafunwa tena kabla ya kuendelea na safari yake. Punda na farasi hawacheui. Hutafuna mara moja tu, na kazi ya kuchachusha nyuzi za majani hufanyika karibu na mwisho, katika utumbo mpana. Kwa sababu hiyo samadi yao huwa na vipande vingi vya nyasi visivyosagika, na mbegu nyingi za magugu hutoka zikiwa hai. Lakini nyuzi hizo hizo huifanya iwe nyepesi na yenye kupitisha hewa, nayo ikilundikwa vyema hupata joto upesi kuliko samadi ya ng'ombe.

Joto hutoka wapi?

Joto hilo hutolewa na bakteria wanaokula samadi. Hutumia kaboni kupata nguvu, na naitrojeni kujenga miili yao. Uwiano unaowafaa ni sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu 1 ya naitrojeni. Samadi ya farasi isiyo na matandiko mengi hukaribia uwiano huo. Unga wa mbao na maranda, kwa upande mwingine, vina kaboni sehemu mia kadhaa kwa naitrojeni sehemu 1. Vikizidi, bakteria huona njaa. Na mchanganyiko huo ukitiwa bustanini wakati bado mbichi, huichukua naitrojeni iliyomo udongoni na kuinyima mimea. Hiyo ndiyo iliyokuwa sababu ya umanjano wa mchicha wangu.

Lundo lenye meta 1 kila upande na kimo cha meta 1 huweza kufikia nyuzi 55 hadi 65 za Sentigredi katika siku chache. Joto hilo likidumu kwa siku kadhaa huua mbegu nyingi za magugu, mayai ya minyoo na bakteria waletao kuhara. Likipita nyuzi 70, bakteria wafanyao kazi nao huanza kufa. Lundo dogo mno hupoteza joto lake na halifiki popote.

Maarifa ya kulundika na kugeuza si mapya. Kati ya mwaka 1924 na 1931, Albert Howard, mtaalamu wa kilimo kutoka Uingereza, aliyapanga vizuri huko Indore, India, akijifunza pia kutokana na desturi za wakulima. Katika miaka ya 1930 baadhi ya mashamba ya kahawa nchini Kenya yaliifuata njia yake.

Namna ya kutengeneza

Chagua mahali penye kivuli pasipotuama maji. Panga tabaka la samadi, kisha majani mabichi au maganda ya jikoni, kisha samadi tena, hata kufikia kimo cha meta 1. Matandiko yaliyolowa mkojo yasitupwe, kwani mkojo una naitrojeni nyingi. Nyunyiza maji kiasi: ukifumbata konzi moja, uone unyevu na tone moja au mawili, si mchirizi. Funika kwa nyasi au majani ya migomba.

Chomeka fimbo ya chuma hadi katikati. Uichomoapo baada ya dakika kumi, iwe ya moto kiasi cha kutoshikika kwa muda. Joto lipunguapo, kwa kawaida baada ya wiki moja hivi, geuza lundo ili ya nje iingie ndani. Rudia mara nne au tano, kisha liache litulie mwezi mmoja au miwili. Mboji iliyoiva ni nyeusi, hunukia udongo wa mvua, na haipati joto tena hata ikigeuzwa.

Wengi huiacha samadi juani na mvuani miezi mingi, wakidhani imeiva. La, imekauka tu. Amonia imekwenda na upepo, chumvi zenye rutuba zimechukuliwa na mvua, na mbegu za magugu zingali hai.

Yasiyoondolewa na joto

Vijidudu vya pepopunda, ugonjwa ambao jina lake katika lugha yetu lina punda ndani yake, huishi udongoni na katika samadi, na mbegu zao hustahimili joto la lundo. Vaa viatu na glovu, na hakikisha umechanjwa.

Pili, ziko dawa za kuua magugu ambazo hupita katika tumbo la mnyama bila kuharibika. Mwaka 2008 wakulima wengi wa bustani nchini Uingereza walipoteza nyanya na maharage kwa samadi ya namna hiyo. Usipojua malisho yalitoka wapi, panda maharage machache katika kopo lenye mboji yako. Majani yakichipua yamejikunja, usiitumie bustanini.

Msimu uliofuata nililundika upya, nikageuza mara tano na kungoja miezi mitatu. Mchicha ulistawi, na fungu la kwanza nilimpelekea yule mama.