Je, Wajua? Ngoma za Uzaramo, Kinanda Kidogo na Albamu Isiyo na Gita

Je, wajua kwamba mwaka 2012 kampuni ya Crammed Discs ya Brussels, Ubelgiji, ilitoa albamu ya kundi la Dar es Salaam isiyo na gita hata moja? Inaitwa Bongo Hotheads, ya Jagwa Music. Imejengwa kwa ngoma, kinanda kidogo cha Casio na sauti ya Jackson Kazimoto, mwimbaji anayeimba kama mtu aliyekimbia kutoka Mbagala kuja kukupa habari. Aliyeisimamia ni Werner Graebner, Mjerumani aliyetumia miaka mingi kuchunguza muziki wa Waswahili. Mtu akiniuliza albamu ya roki ya gereji ya Tanzania ni ipi, yaani roki ya kukwaruza inayorekodiwa kwa gharama ndogo, nampa hii.

Je, wajua kwamba mtindo huo ni mchiriku, na wengine huuita mnanda? Mizizi yake imo katika ngoma za Wazaramo. Mtu wa Kurui, kule Kisarawe, au ndugu yake wa Kibaha, hahitaji kuelezwa mapigo yale: ni jamaa wa mdundiko, ngoma inayotembea njiani huku watu wakiifuata, na ni jamaa wa ngoma za harusi na za kumtoa mwali. Dar es Salaam yenyewe imekaa juu ya ardhi ya Uzaramo, kwa hiyo ngoma haikuwa mgeni mjini. Ilichokutana nacho mjini ni umeme.

Je, wajua sauti ya mchiriku inakwaruza kwa sababu gani? Amplifaya ina kikomo chake. Ukiilazimisha kupita kikomo hicho, inakata vilele vya mawimbi ya sauti, na kila kilele kilichokatwa huzaa milio mipya ambayo mpigaji hakuibonyeza. Kinanda cha mtoto kinatoka na mngurumo wa simba. Kisha sauti inapitishwa kwenye honi, kama zile za matangazo ya barabarani. Honi haipendi besi, bali husukuma mbele sauti za kati, zile zile ambazo sikio la binadamu huzisikia vyema zaidi. Ndiyo maana ngoma ya mtaa wa pili inakufikia kitandani. Besi hutoka kwenye ngozi ya ngoma yenyewe, bila waya.

Je, wajua kwamba Wamarekani na Waingereza walifikia mkwaruzo huo huo kwa kuharibu spika makusudi? Mpiga gita Mmarekani Link Wray alitoboa spika zake kwa penseli ili wimbo wake Rumble wa mwaka 1958 ungurume. Vituo kadhaa vya redio Marekani vikakataa kuupiga kwa kuhofia utachochea fujo za vijana, ingawa hauna neno hata moja. Mwaka 1964 Mwingereza Dave Davies, mpiga gita wa kundi la The Kinks, akachana spika yake kwa wembe.

Je, wajua kwamba ndani ya kinanda cha Casio roki ilikuwemo tangu kiwandani? Aina ya MT-40, iliyotoka mwaka 1981, ilikuwa na mdundo wa kujiendesha ulioandikwa kwenye kitufe kuwa ni wa roki. Aliyeutunga ni Okuda Hiroko, msichana Mjapani aliyekuwa ndiyo kwanza ameajiriwa, na baadaye alieleza kwamba wazo alilipata kwenye santuri ya roki ya Waingereza ya miaka ya 1970. Mwaka 1985 Wajamaika Wayne Smith na King Jammy wakauchukua mdundo huo mzima mzima wakatengeneza Under Mi Sleng Teng, na reggae ikaingia zama za mashine. Sisi tulikichukua kinanda kwa njia nyingine: midundo ya kiwandani tukaiacha, tukaweka ngoma zetu. Naona uamuzi huo ulihitaji masikio makali sana.

Je, wajua kwamba kinanda kingine cha Casio, VL-1, kilikuwa pia kikokotoo? Ungeweza kupiga hesabu ya mboga kisha ukapiga wimbo.

Je, wajua kwamba santuri maarufu kuliko zote za roki ya gereji, Louie Louie ya kundi la The Kingsmen, ilirekodiwa Portland, Marekani, mwaka 1963 kwa takriban dola 50? Mwimbaji alilazimika kupaza sauti kuelekea maikrofoni iliyoning'inizwa juu, maneno yakapotea. Shirika la upelelezi la FBI likachunguza wimbo huo kwa miaka miwili likitafuta matusi, likaishia kusema hausikiki vizuri kiasi cha kuthibitisha lolote. Kundi la Ramones nalo lilirekodi albamu yake ya kwanza, ya mwaka 1976, kwa takriban dola 6,400: nyimbo 14, chini ya nusu saa.

Je, wajua kwamba mchiriku ulikua bila kubebwa na redio? Makundi kama Gari Kubwa, Tokyo Ngma na Atomic Advantage yalijulikana kwa kanda, kwa daladala na kwa sherehe za mtaani. Wakubwa waliuona ni muziki wa wahuni. Wala si mara ya kwanza mji huu kuogopa ngoma ya vijana: Novemba 1969 Mustafa Songambele, Mkuu wa Mkoa wa Pwani, alipiga marufuku muziki wa soul Dar es Salaam.

Je, wajua kwamba Crammed Discs ndiyo iliyowatangaza pia Konono No. 1 wa Kinshasa? Kundi hilo la Mawangu Mingiedi liliziunganisha likembe, ala za kupigwa kwa vidole gumba, na maikrofoni walizozitengeneza wenyewe kwa sumaku za vipuri chakavu vya magari. Dar na Kinshasa zilipata jawabu moja bila kuulizana.

Je, wajua kwamba singeli ni mtoto wa mchiriku? Mwimbaji Msaga Sumu na wenzake waliirithi kasi ile wakaiongeza, na leo zipo singeli zinazovuka mapigo 200 kwa dakika. Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa Sounds of Sisso, mkusanyiko wa studio ya Sisso ya Mburahati, Dar es Salaam. Lebo hiyo hiyo mwaka 2020 ikatoa albamu ya Duma, vijana wawili wa Nairobi waliochanganya metali na kelele za mashine.

Je, wajua kwamba mwaka 1968 The Tremeloes wa Uingereza waliingiza wimbo wa Mkenya Daudi Kabaka, Helule Helule, katika chati za kwao? Wazungu nao walikuwa wakitusikiliza.

La mwisho ni ombi, nalo nalielekeza Kurui. Mchiriku umetolewa na watu wa Brussels, singeli imesambazwa na lebo ya Kampala, lakini ngoma mama bado iko mikononi mwa wazee wa Kisarawe, na wazee hawatungoji. Kijana, una simu yenye kinasa sauti mfukoni. Mara nyingine ngoma ikilia kijijini, isogeze simu mbali kidogo na ngoma kubwa ili isizidiwe, rekodi wimbo mzima bila kukata, kisha umwombe mzee ruhusa ya kuandika jina lake, jina la kila ngoma, kijiji na tarehe. Nakala moja mpe yeye, nyingine ipeleke shuleni ikatunzwe.