Kanga wa Porini: Ujanja wa Mwindaji na Mipaka ya Halali

Kiangazi kilichopita, siku ya hitima, kijana mmoja wa mtaani kwetu alileta msikitini kanga wawili aliowawinda katika vichaka vilivyo kati ya Handeni na Korogwe. Walikuwa wanono, na wapishi walikwisha kuwasha moto. Tulipomuuliza wamekufaje, alijibu kwa fahari kuwa aliwapiga rungu, na alipowafikia hawakuwa na uhai tena. Tulilazimika kuwakataa. Uso ulimsawijika, nasi tukatambua kuwa lawama ni yetu: hatukuwahi kumfundisha.

Ujanja wa kumwinda kanga vijana wetu wanao. Wanajua kwamba hulala juu ya miti, na alfajiri hushuka kwa makundi kuchakura mbegu na wadudu. Akishtuliwa hukimbia kwanza kabla ya kuruka. Kwa hiyo mwindaji hodari hamfukuzi, bali hujibanza kimya karibu na njia yake ya kwenda majini. Kundi likitawanyika, huitana likusanyike tena, na mwenye subira hulingoja hapo hapo.

Lakini si kila anachokipata hodari huwa halali. Suratul Maidah, aya ya 3, inataja miongoni mwa vilivyoharamishwa mnyama aliyenyongeka na aliyekufa kwa kupigwa. Basi kanga aliyenyongwa na tanzi, au aliyeuawa kwa rungu au jiwe la manati, haliwi. Katika Hadithi ya Adiy bin Hatim (r.a.), Mtume (s.a.w.) alibainisha kuwa windo lililotobolewa na ncha kali huliwa, na lililouawa kwa ubapa haliliwi. Mwindaji ataje jina la Mwenyezi Mungu anapofyatua mshale, na akimkuta ndege yu hai, amchinje upesi.

Ipo pia sheria ya nchi. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inamtaka mwindaji awe na leseni. Aidha, wakati wa mvua kanga hutaga ardhini, nyasini. Anayemuua mama huua na vifaranga.

Siku ile hitima ililiwa kwa maharage. Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, tulianzisha darasa la uwindaji na uchinjaji. Wa kwanza kuketi mbele alikuwa kijana yule yule.