Wanyama wa Rangi Watokanao na Kandambili

Kandambili ikikatika mkanda hutupwa. Mvua huichukua hadi mtoni, na mto huifikisha baharini. Huko haizami wala haiozi. Haizami kwa sababu soli yake aghalabu ni plastiki iliyoumuliwa, yaani iliyojaa vipovu vya hewa vilivyofungika. Kwa hiyo ni nyepesi kuliko maji ya ujazo ulio sawa nayo. Haiozi kwa sababu imeundwa kwa minyororo mirefu ya atomi za kaboni, ambayo bakteria hawawezi kuivunja kwa urahisi.

Kandambili za namna hiyo zilirundikana katika fukwe za Kiunga, kaskazini mwa pwani ya Kenya, zikawazuilia njia kasa wapandao mchangani kutaga mayai. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Julie Church, mtaalamu wa hifadhi ya bahari, aliwaona watoto wa huko wakijitengenezea vitu vya kuchezea kwa takataka hizo. Wanawake wa vijijini wakahimizwa kuziokota, kuziosha na kuzigeuza kuwa bidhaa. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa kampuni ya Ocean Sole, yenye karakana yake Nairobi.

Katika karakana hiyo, kandambili zilizonunuliwa kwa kilo husafishwa, kisha hubandikwa kwa gundi moja juu ya nyingine mpaka liwe bonge. Wachongaji, ambao baadhi yao walikuwa mafundi wa vinyago vya miti, hulikata bonge hilo kwa kisu kikali na kulisugua kwa mashine. Kisu kipitapo, michirizi ya rangi hujitokeza mfano wa matabaka ya miamba katika ukingo wa mto.

Plastiki hiyo laini haishiki nakshi ndogondogo. Kwa hiyo mchongaji huacha mengi: twiga hubakiwa na shingo, miguu na mteremko wa mgongo. Rangi nazo hazifuati maumbile, kwani hakuna twiga wa buluu na waridi. Hata hivyo mtazamaji hakosei, maana umbo la jumla latosha kumtambulisha mnyama.

Isidhaniwe kwamba sanaa hii huiangamiza plastiki. Twiga huyo ni plastiki ile ile, na vumbi litokanalo na kuchonga halina budi kukusanywa lisirudi baharini. Faida yake ni kuichelewesha isiharibike: ufukoni, miale ya jua na mawimbi huivunja kuwa chembe ndogo ziliwazo na samaki, lakini ndani ya nyumba hudumu ikiwa nzima kwa muda mrefu zaidi.

Wanafunzi waweza kulichunguza jambo hili wenyewe. Soli moja ikatwe vipande viwili. Kimoja kiwekwe juani, kingine kabatini. Baada ya muhula mmoja, vyote vikunjwe na kusuguliwa, kisha vilinganishwe.