CMV: Kirusi Cha Utumbo Kinachokataa Kuwasha Dawa

Wasee, kuna kirusi kinaitwa sitomegalovirusi, kwa kifupi CMV, na kuna chance kubwa uko nacho saa hii. Usipanic. Kiko familia moja na hapisi: kikishaingia mwilini, kinga inakituliza, halafu kinalala humo maisha yako yote.

Ngori huanza kinga ikishuka. Sema mtu amewekewa figo na anameza dawa za kupunguza kinga ndio mwili usiikatae, ama mwenye HIV ambaye CD4 zake zimeshuka chini ya 50. CMV inaamka, na utumbo mpana ni moja ya sehemu inapenda kuvamia. Unaendesha siku nyingi, tumbo inauma, homa, saa zingine damu kwa choo. Ni rahisi kudhani ni amoeba tu. Kupata ukweli, daktari huingiza kamera na kutoa kanyama kadogo ka kupimwa, juu damu pekee inaweza kukosa kuonyesha kitu.

Dawa ya kwanza ni gansiklovia, mara nyingi kupitia mshipa. Na hapa ndio kuna maajabu: hii dawa huingia mwilini ikiwa imezima. Mwenye huiwasha ni kirusi chenyewe, kikitumia kimeng'enya kutoka kwa jeni yake ya UL97. Yaani kinajilipua. Dawa ikiwaka, inakizuia kunakili DNA yake.

Sasa virusi vikizaana hukosea kunakili hapa na pale. Siku moja kinazaliwa kimoja chenye UL97 imebadilika. Kinaishi poa, kinazaana, lakini dawa hakiwashi. Wenzake wanapigwa, chenyewe kinabaki na uwanja mzima. Dozi ndogo kwa muda mrefu ndio hukilea kabisa, kwa sababu inapunguza virusi bila kuvimaliza.

Ikifika hapo, madaktari hupima jeni za kirusi. Kuna foskaneti, haihitaji kuwashwa na UL97, ila inaumiza figo, na hiyo ni noma kwa mtu amewekewa figo juzi. Tangu Novemba 2021 Marekani imeruhusu pia vidonge vya maribaviri kwa waliopandikizwa viungo. Hivi vinafunga hiyo UL97 yenyewe, ndio maana hazichanganywi na gansiklovia: nani sasa ataiwasha?