Chakula cha Karagwe Kinachomshangaza Mgeni

Leo nataka kuwaeleza habari za chakula kimoja cha nchi yetu, ambacho wageni hukistaajabia, na wenyeji wengine wameanza kukionea haya.

Mgeni afikapo Songambele huandaliwa ndizi. Humenywa zikiwa mbichi, zikapikwa pamoja na maharage katika chungu kimoja, juu zikafunikwa kwa majani ya mgomba. Hapo mgeni hana neno. Lakini akija mwezi wa Novemba au Desemba, huletewa na sahani ya panzi waliokaangwa, nao ndio senene.

Nilipata kumwona mgeni mmoja wa pwani akiisukuma mbali sahani hiyo. Mzee mwenye nyumba akamwuliza, “Bwana, kwenu mwala nini cha baharini?” Akajibu, “Twala samaki, kamba, kaa na pweza.” Mzee akacheka, akasema, “Mnyama wa mikono minane mwamla, na panzi mwamwogopa?” Mgeni naye akacheka, akaonja mmoja, kisha wa pili, mwishowe sahani ikabaki tupu.

Neno la mzee lina elimu ndani yake. Kamba na senene ni jamaa: wote hawana mifupa, bali wana ganda nje na miguu yenye viungo vingi. Kwa sababu hiyo, mtu ambaye mwili wake huvimba au kuwasha alapo kamba, na ajihadhari na senene pia.

Senene huja usiku wakati wa mvua, makundi kwa makundi, wengine wa rangi ya majani, wengine wa kahawia. Desturi ya zamani ilikuwa wanawake na watoto kutoka alfajiri, umande ukiwa bado majanini, kwa kuwa baridi huwalegeza senene wasiweze kuruka. Siku hizi watu huwasha taa kali mbele ya mabati yaliyosimamishwa. Senene hufuata mwanga, wakajigonga, wakaanguka ndani ya mapipa.

Kazi ya kuwatengeneza yataka uvumilivu. Hung'olewa mabawa, miguu na papasi, wakaoshwa, wakatiwa chumvi na kukaangwa bila mafuta mengine, maana wana mafuta yao wenyewe. Wa kuweka akiba hukaushwa sana. Wasipokauka vema, mafuta yale huchacha na chakula huharibika.

Basi, faida yake ni nini? Ndizi hushibisha tumbo na kutia nguvu ya kazi, lakini hazina protini ya kutosha, yaani kile kinachojenga mwili. Senene waliokaushwa, zaidi ya theluthi ya uzito wao ni protini, tena wana mafuta mengi. Jambo hili si dogo. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Kagera kiasi cha mtoto mmoja kwa kila watatu walio chini ya miaka 5 amedumaa, yaani kimo chake hakilingani na umri wake. Na mkoa wetu ni mkoa wa migomba! Mtoto aweza kulala ameshiba kila siku, na bado mwili wake una njaa.

Kwa hiyo wazee waliopika ndizi na maharage chungu kimoja, na kungojea senene kwa furaha, hawakuwa wajinga. Siku hizi senene wana bei nzuri mjini, na watu wengi hupenda kuwauza wote. Kuuza si vibaya. Lakini bakiza sehemu ya watoto wako. Waliokauka waweza kutwangwa wakawa unga, ukachanganywa katika uji wa mtoto mdogo aliyekwisha zoea vyakula. Na msimu wa senene ukiisha, maharage, njugu mawe, maziwa na mayai visikose.

Wala tusidhani kwamba ni sisi peke yetu. Mwaka 2013 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilieleza kwamba watu wapatao milioni elfu mbili duniani hula wadudu, wa aina zaidi ya 1,900.

Basi, mwanafunzi, ukiwa na senene mfukoni, usiwafiche mgeni apitapo. Mkaribishe aonje.