Milio Inayopigwa na Watazamaji

Katika matangazo ya moja kwa moja mtandaoni, mtazamaji anaweza kupewa uwezo wa kupiga mlio utakaosikika na wote. Huandika neno fulani kwenye gumzo, hutuma zawadi, au hutumia pointi alizopata kwa kutazama, na kompyuta ya mtangazaji ikapiga vigelegele, honi au kicheko bila mwenyewe kugusa kitu. Redio nchini Kenya zilikuwa na jambo la namna hii tangu zamani: msikilizaji alijaza kadi ya salamu, nayo ikasomwa hewani. Lakini kadi ilipitia kwanza mikononi mwa mtangazaji, ilhali mlio hupitia kwenye programu, na programu hutii tu masharti iliyowekewa. Kuweka mlio ni kazi ya dakika chache; kuuwekea masharti ndiko kunakotaka fikra.

Mfumo una sehemu tatu. Ya kwanza ni jukwaa, kama YouTube, Twitch au TikTok, ambako mtazamaji hutoa amri. Ya pili ni programu inayofuatilia jukwaa hilo na kuitambua amri. Streamer.bot hufanya kazi hiyo kwenye kompyuta za Windows; Streamlabs na StreamElements huifanya mtandaoni; na kwa TikTok wengi hutumia TikFinity. Ya tatu ni programu inayochanganya picha na sauti na kuzirusha. Inayotumika sana ni OBS Studio, ambayo haina malipo na ilitolewa mara ya kwanza mwaka wa 2012.

Anayetumia huduma ya mtandaoni huandaa mlio huko, akapewa anwani ya ukurasa maalum. Anwani hubandikwa ndani ya OBS kama chanzo cha kivinjari, kisha huwekwa alama kwenye kisanduku kinachoipa OBS udhibiti wa sauti ya ukurasa huo. Alama ikisahaulika, mlio hauna kidhibiti chake na hauwezi kupunguzwa peke yake. Anwani hiyo isionekane kamwe kwenye skrini inayorushwa. Anayetumia Streamer.bot huandika amri, mathalani !vigelegele, na kuiunganisha na faili ya sauti. Kompyuta huicheza faili, na OBS huipokea pamoja na sauti nyingine za kompyuta.

Mtangazaji huvaa hedifoni, kwa sababu mlio ukitoka kwenye spika huingia tena kwenye maikrofoni na kusikika mara mbili. Katika vipimo vya OBS, mazungumzo yanafaa kufika eneo la manjano, kati ya desibeli -20 na -9, na milio ibaki chini yake, kwenye kijani. Faili fupi ya sekunde mbili au tatu hutosha.

Kinachowasumbua wengi ni ucheleweshaji. Matangazo huchukua sekunde kadhaa kumfikia mtazamaji, hata YouTube ikiwekwa kwenye kiwango cha ucheleweshaji mdogo kabisa. Mtazamaji wa Molo anayetoa amri hausikii mlio mara moja, anadhani amri haikufika, anairudia mara tatu, na milio yote mitatu inalia. Tiba ni kuweka muda wa mapumziko: kila mlio upumzike, tuseme, sekunde 30, na kila mtazamaji asubiri dakika mbili kabla ya kuamuru tena. Amri zinazogongana zipangwe foleni.

Milio yenyewe haili bando. Picha ndiyo inayokula. Kurusha kwa megabiti 3 kwa sekunde humaliza takriban gigabaiti 1.35 kwa saa. Stima ikipotea Nakuru, kompyuta ya mapajani huendelea kwa betri, lakini ruta huzima, kwa hiyo nayo huhitaji betri ya akiba.

Kipande cha wimbo wa mtu kinalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, na YouTube hutambua nyimbo zilizosajiliwa kwake. Njia salama ni kurekodi sauti zako kwa simu: mvua juu ya mabati, ng'ombe wa Njoro, kelele za stejini, au ngurumo ya magari ya Safari Rally, iliyorejea katika mashindano ya dunia mwaka wa 2021 na kupiga kambi Naivasha.

Uangalifu zaidi unahitajika pale kompyuta inaposoma kwa sauti ujumbe wa mtazamaji. Kaunti ya Nakuru ina jamii nyingi, na miji ya Nakuru, Molo na Naivasha ilishuhudia ghasia baada ya uchaguzi wa 2007. Matamshi ya chuki za kikabila ni kosa chini ya Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008. Orodha ya maneno yaliyozuiwa inapaswa kuwa na maneno ya Kiswahili, Sheng na lugha za jamii za eneo hili, kwani orodha zinazokuja na programu huwa za Kiingereza. Ni bora zaidi ujumbe usubiri idhini ya msimamizi wa gumzo.

Malipo ya M-PESA pia yanaweza kupiga mlio. Mwenye nambari ya till au paybill huunganisha mfumo wa Daraja wa Safaricom na programu ndogo, ambayo hupokea uthibitisho wa malipo na kuiamuru OBS. Kazi hii huhitaji mtu anayejua kuandika programu. Skrini ionyeshe jina la kwanza na kiasi tu, bila nambari ya simu.

Kabla ya siku yenyewe, matangazo ya majaribio yasiyoorodheshwa hadharani hurushwa YouTube, na mtu mwingine akatoa kila amri kwa simu yake. Kinachokaguliwa ni ukubwa wa sauti, foleni, muda wa mapumziko, na kitufe kimoja cha kibodi kinachonyamazisha milio yote kwa mkupuo.