Glasi ya Maji Haipimi Mbolea

Hapana, haijalishi kama imeyeyuka. Nimejibu swali hili sokoni Kitale, nje ya kanisa, hata matangani, na bado kila msimu wa kupanda ukikaribia hapa Trans Nzoia naonyeshwa video ileile: mbolea ya ruzuku ndani ya glasi, kijiko kinakoroga, chini kumebaki vumbi jeupe. "Daktari, si wametuuzia mawe hawa?"

Hofu hiyo haikutoka hewani. Mwaka 2024 baadhi ya magunia yaliyouzwa kwenye mpango wa ruzuku yaligunduliwa kuwa duni, na mtu aliyetoa shilingi 2,500 ana haki ya kushuku. Tatizo ni kipimo anachotumia.

Chukueni CAN, inayolalamikiwa kuliko zote. Hiyo ni amonia naitreti iliyochanganywa na mawe ya chokaa yaliyosagwa, na mawe hayo ni karibu robo ya gunia. Mtengenezaji ameyaweka makusudi, kupunguza hatari ya mlipuko na kupunguza asidi shambani. Ukikoroga, naitreti inayeyuka na chokaa inabaki, maji yakawa kama ya kuoshea mchele. CAN ikiyeyuka yote bila kuacha kitu, hiyo ndiyo ningeishuku! DAP nayo huacha tope kidogo, masalio ya mwamba wa fosfeti uliotumika kuitengeneza. NPK za kuchanganywa hubeba vijazio.

Sasa geuzeni jaribio. Chumvi ya mezani huyeyuka yote, maji yakabaki safi. Mtaipandia mahindi? Kuna wanaosema glasi ikiwa baridi mkononi, mbolea ni halali. Urea hupoza maji, kweli, lakini ubaridi hausemi gunia lina asilimia ngapi za naitrojeni. Wengine hukamulia ndimu na kushangilia povu. Maganda ya mayai yaliyosagwa yatatoa povu hilohilo. Na rangi, tafadhali: DAP halali huwa nyeusi, kahawia, kijivu au manjano, kutegemea mwamba na rangi ya kiwandani. Virutubisho hupimwa maabara. Jikoni hamna vifaa hivyo vya maabara.

Halafu mahindi yakitoka na majani ya zambarau, dalili ya kukosa fosforasi, mbolea inahukumiwa tena. Mara nyingi mkosaji ni udongo. pH ikishuka chini ya 5.5, alumini na chuma huikamata fosforasi, mizizi isiipate, hata kama gunia lilikuwa halali kabisa. DAP ya kila mwaka, ambayo wengi wenu hamtaki kusikia ikisemwa vibaya, huzidisha asidi hiyo.

Basi fanyeni hivi. Kagueni mshono wa gunia na uzito wa kilo 50. Tumeni SM# ikifuatwa na namba ya kibali cha KEBS, shirika la viwango, kwenda 20023. Hifadhini risiti na ujumbe wa vocha. Kabla ya kupanda, wekeni nusu kilo ya mbolea kwenye mfuko uliofungwa vizuri, na mlitunze gunia lenyewe pia. Bila sampuli hakuna kesi. Mkishuku, mwoneni afisa wa kilimo wa wadi, sampuli ipelekwe maabara. Udongo upimwe KALRO, shirika la utafiti wa kilimo, mahindi yakishavunwa, na kama pH ni ya chini, chokaa ya shamba imwagwe na kuchanganywa na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda, isiingie shimo moja na mbolea.